Tableti ya laini au ya wifi tu?
Ndugu, ungekuwa unashinda dukani Mwanga, hapa Kigoma mjini, ningesema chukua ya wifi, uwashe hotspoti ya simu, basi. Lakini umesema ni kuandikisha wakulima kuanzia Uvinza hadi Kalya: ongeza hela, chukua ya laini. Hotspoti inafyonza chaji ya simu, na huko pa kuchajia ni pa kutafuta. Tena iPad ya wifi haina GPS ya kuonyesha mahali ulipo, kupima mipaka ya shamba itakusumbua.

Kabla hujalipa chomoa trei, kile kisahani cha kuwekea laini. Nyingine ina nafasi ya memori kadi peke yake, na muuzaji anakuapia ni ya laini! Ingia kwenye mipangilio utafute IMEI, ile namba ya utambulisho ya kifaa cha laini. Isipokuwepo, hiyo ni wifi tupu. Ikiwepo, itume kwa meseji kwenda 15090, namba ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), ujue kama si feki.