Je, kufunga kunasafisha ubongo wa mwenye Parkinson?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68, tunaishi Ujiji. Mwaka jana aliambiwa ana ugonjwa wa Parkinson. Mkono wa kulia unatetemeka hata akiwa amekaa tu. Sasa kasikia kwamba mtu akifunga, seli hujisafisha na ubongo hupona. Anafunga Jumatatu na Alhamisi, na siku hizo hamezi dawa yake ya Parkinson, levodopa, ya mchana. Kuna ukweli?

Jibu: Marahaba mwanangu. Aliyemwambia mzee hakuzua, ila kaichukua kweli akaivusha mpaka.

Seli hujisafisha kweli. Protini iliyoharibika au mitokondria (kinu cha nishati cha seli) iliyochakaa huzungushiwa utando, mithili ya taka zinazofungwa kwenye mfuko, kisha humwagwa ndani ya lisosomu, kijifuko chenye asidi. Humo humeng'enywa, na vinavyofaa hutumika upya. Christian de Duve aliiita kazi hiyo otofajia mwaka 1963. Yoshinori Ohsumi wa Japani akazitafuta jeni zake kwenye hamira (ndiyo, hamira hii ya maandazi) na mwaka 2016 akapewa Nobel. Ili kuiamsha otofajia, aliinyima hamira chakula. Habari za kufunga zina mizizi hapo.

Seli ya ngozi ikichakaa hubadilishwa. Ya neva huishi na mwenyewe hadi uzeeni, kwa hiyo uchafu usipotolewa hurundikana. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walizima jeni za otofajia kwenye neva tu za panya. Panya wale wakaanza kuyumba, na neva zao zikajaa mabonge ya protini. Kwenye Parkinson mabonge hayo ni ya protini iitwayo alfa-sinukleini. Zipo pia familia zinazorithi hitilafu katika PINK1 au parkin, jeni zinazosimamia uondoaji wa mitokondria mbovu.

Lakini njaa ya hamira au ya panya si saumu ya mzee wa Ujiji. Hakuna utafiti kwa binadamu ulioonyesha kwamba kufunga kunaponya Parkinson. Isitoshe, mkono unapoanza kutetemeka, seli nyingi zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayoratibu mwendo, zimeshakufa, na seli iliyokufa haifufuliwi kwa kusafishwa.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni hiyo dozi ya mchana. Levodopa hufanya kazi saa chache tu. Akiiruka, mwili hukakamaa, anaweza kuanguka. Akiiacha ghafla kabisa, anaweza kupata homa kali na ukakamavu wa kuhatarisha maisha. Kama moyo wake uko kwenye saumu, amwone kwanza aliyemwandikia dawa, wapime kama ratiba ya daku na futari inamfaa. Asijipangie.

Halafu angalia futari yenyewe. Migebuka na dagaa ni samaki wenye protini nyingi, nayo hugombania njia moja na levodopa kuingia mwilini. Ameze dawa kama nusu saa kabla ya kula. Wewe andika kwenye daftari saa anayomeza na saa mkono unapotulia, siku za kula na za kufunga, mwende nalo kliniki.