Broadchurch: endelea hadi msimu wa tatu
Dada, umeuliza kama inafaa kuendelea na Broadchurch, tamthilia ya upelelezi ya Uingereza, baada ya msimu wa kwanza wa mwaka 2013. Mimi niliazima diski zote kwenye maktaba ya mtaani kwetu, na nakushauri uendelee. Kilichonishika si fumbo la nani aliyemuua mtoto Danny, bali namna msiba wenyewe unavyoonyeshwa: mama yake, akiwa amekwama kwenye foleni ya magari, anashuka na kukimbia hadi ufukweni, na anapoviona viatu vilivyochomoza chini ya shuka anajua papo hapo kwamba ni vya mwanawe. Olivia Colman, anayeigiza mpelelezi ambaye pia ni rafiki wa familia iliyofiwa, alinigusa kuliko David Tennant, anayeigiza mpelelezi mwenzake, ingawa najua wengi watanipinga. Msimu wa pili umejikita mahakamani na umelegea kidogo, hasa pale inaporefushwa ile kesi ya zamani ya mauaji ya Sandbrook, ambayo mpelelezi wa Tennant aliwahi kuichunguza. Wa tatu, wa mwaka 2017, unahusu mwanamke aliyebakwa, nao umeandikwa kwa heshima na subira ambayo natamani kuiona katika tamthilia nyingi zaidi za upelelezi.