Binti anakuja chuo Kansanga: kuna usalama? Jibu la mkazi

Dada uliyeuliza kutoka Mwanza, nimesoma maswali yako yote. Binti amepata chuo Kansanga, mtaa wa hapa Kampala, Uganda, umeambiwa wizi umezidi kule, na unajiuliza kama umpangie chumba hapohapo au akae Najjera, pembeni ya jiji, kwa shangazi yake. Mimi ni mtu wa Bukoba. Niko Kampala mwaka wa 11 sasa, na miaka 9 kati ya hiyo nimeishi Kansanga, upande wa bondeni ukishuka kutoka Barabara ya Ggaba. Nina mabinti wawili, kwa hiyo nakujibu kama mzazi mwenzako.

Nianze na takwimu za wizi na makosa mengine alizokuwekea mwenzetu mmoja ulipouliza. Polisi wa Uganda waliandikisha kesi 228,074 nchi nzima mwaka 2023, zikashuka hadi 218,715 mwaka 2024. Namba ni sahihi, ila zinahesabu kesi zilizofika kituoni tu. Kuna mwaka kwenye kichochoro chetu nyumba 4 ziliibiwa ndani ya wiki tatu. Aliyekwenda kuandikisha ni mimi peke yangu, na nilikwenda kwa sababu nilihitaji barua ya polisi ili nipate upya laini ya simu yangu iliyoibiwa. Jirani aliyeibiwa redio na jiko la gesi aliniambia, "Nipoteze siku nzima ya kazi na nauli juu?" Kwa hiyo kwenye karatasi sisi tulikuwa na kesi moja. Tena kituo chetu cha polisi, cha Kabalagala, kinahudumia nyumba zetu za kupanga za chumba kimoja kimoja na pia majumba yenye kuta ndefu ya Muyenga. Ukiambiwa "eneo la Kabalagala lina wizi", bado hujaambiwa lolote kuhusu mlango atakaoufunga mwanao.

Sasa nikueleze wizi wenyewe ulivyo, maana wengi wanaogopa bunduki, na kumbe kinachotusumbua ni kitu kingine. Ilikuwa Aprili, msimu wa mvua kubwa. Mvua ikipiga bati usiku husikii hata mtu akikohoa chumba cha pili, na wezi wanalijua hilo kuliko sisi. Nilikuwa nimelala sebuleni na mtoto mwenye homa. Kama saa tisa usiku nikaona pazia linasogea. Nikatazama vizuri: ufito mrefu, ncha yake imefungwa waya uliokunjwa kama ndoano, unaingia polepole katikati ya nondo za dirisha. Ukapapasa meza, ukagusa kikombe, ukakiacha. Ukapata waya wa chaja, ukauvuta taratibu, na simu yangu ikafuata nyuma kama mbuzi anayevutwa kamba. Sauti ilinikauka. Nilipoweza kupiga kelele za "Mubbi! Mubbi!" (mwizi, kwa Kiganda) simu ilikuwa imeshatoka nje.

Majirani walitoka na panga na marungu. Hilo nalo lilinitisha, na nakuomba ulizingatie. Wiki ile ile kijana mmoja alikamatwa kichochoro cha pili, akapigwa vibaya sana kabla mtu hajauliza yeye ni nani. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ndiye aliyemwokoa, akampakia kwenye boda akampeleka polisi. Ikaja kujulikana kwamba ni mpangaji mpya, alikuwa anatafuta geti lake gizani na Kiganda hakijui. Nikifikiria binti wa kigeni aliyefika juzi, nywele zinanisimama.

Ndiyo maana jambo la kwanza nitakalokusisitizia ni mwenyekiti. Kwenye uchaguzi wa Julai 10, 2018 wenyeviti wa LC1 walichaguliwa na watu wa kijiji wakijipanga mstari nyuma yao, kwa hiyo mwenyekiti anaowajua anawajua kweli. Siku binti anapohamia, aende naye mwenye nyumba kwa mwenyekiti, jina lake liandikwe kitabuni, aonyeshe pasipoti na kadi ya chuo. Aulize pia ni nani anashika mambo ya ulinzi kwenye kamati, aweke namba yake kwenye simu pamoja na 999 ya polisi. Baada ya ule wizi, mwenyekiti wetu alituita kikao, kila chumba kikatoa shilingi 5,000. Tukanunua taa, tukakata ule ua wa miti uliokuwa unaficha njia. Wizi haukuisha, ila ule wa ufito sijausikia tena kwetu. Mimi naona taa zile zilisaidia kuliko nondo zote tulizochomelea.

Najjera ni pazuri, nyumba nyingi zina ukuta na geti. Lakini piga hesabu ya safari: atapanda teksi (zile mnazoita daladala) mara mbili kwenda na mara mbili kurudi, na akiwa na kipindi cha jioni atashuka steji usiku. Kuporwa kwa wanafunzi ninakokusikia mimi karibu kote ni njiani: wawili juu ya pikipiki, simu inanyakuliwa mkononi kando ya barabara, wameshapotea. Mimi ningempanga Kansanga, umbali wa kutembea, chumba cha katikati ndani ya ua wenye familia, kisiwe cha mwisho kinachotazama bonde. Dirisha liwe na wavu wa chuma juu ya nondo. Na asilipe kodi ya chumba alichokiona mchana tu, hata dalali amsukume vipi.

Kwenye ua wa jirani yetu kuna chumba kinaachwa mwezi wa nane. Mama mwenye nyumba anaishi humohumo na ni mkali kuhusu geti. Kesho nitatoka steji saa mbili usiku, nitembee hadi mlangoni kwake na mke wangu, tuhesabu taa zinazowaka na tuone vijana gani wanakaa pale kwenye kona. Nitakuandikia hapa tulichokiona.