Kabla Hujamlipia Kijana Kurudia Mtihani

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka mwezi Januari, mama mmoja wa Pongwe aliniandikia ujumbe mrefu kuhusu mwanawe aliyepata daraja la nne kwa pointi 30 (pointi zikizidi, ndivyo matokeo yalivyo mabaya). Ukoo umeshakaa na kuamua kwamba kijana arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, ada ya masomo ya jioni imeanza kuchangwa, na kijana mwenyewe hakuulizwa neno. Mama huyo anasema kwamba tangu amalize shule mwanawe hashindi nyumbani. Anashinda Deep Sea, kwenye mwalo wa wavuvi, akihangaika na mashine za boti, na jioni anarudi akinuka petroli. "Naogopa atapotea," ndivyo alivyomaliza. Nimeona nimjibu hapa, kwa kuwa wazazi wenye hofu hiyo ni wengi katika mji wetu wa Tanga.

Mimi nilifanya mtihani huo mwaka 2012. Wengi mnakumbuka yaliyotokea Februari 2013: watahiniwa zaidi ya 240,000, karibu sita katika kila kumi, walipata daraja sifuri, yaani walifeli, Waziri Mkuu akaunda tume, na mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya. Yangu hayakubadilika. Nilikuwa na D ya Kiswahili na F katika masomo mengine sita, jumla pointi 34. Baba yangu mkubwa, ambaye zamani alikuwa akiwaambia wageni kwamba mimi ndiye daktari wa familia, alianza kunipita barazani bila kuniita jina. Mwalimu mmoja alimwambia mama yangu, nami nimesimama pale pale, kwamba mtoto wa namna yangu dawa yake ni kuozeshwa. Maneno hayo bado yananiuma hadi leo, wala sioni sababu ya kujifanya kwamba yamekwisha.

Katika F zile sita, ile ya Fizikia ndiyo ninayopenda kuizungumzia. Shule yetu haikuwa na maabara inayofanya kazi. Mwalimu alichora vifaa ubaoni kwa chaki, akaandika maelezo kwa Kiingereza ambacho nusu ya darasa hatukukielewa, nasi tukanakili na kukariri. Niliweza kuandika kanuni ya mgandamizo wa gesi bila kukosea herufi, lakini sikuwahi kuona gesi ikigandamizwa.

Niliiona baada ya matokeo. Mama yangu alikuwa akiuza samaki na pweza, na friza lake lilipoacha kugandisha tulimwita fundi mmoja mzee aliyekuwa na kibanda Ngamiani. Alinipa tochi nimshikie. Akafunga geji kwenye bomba la kompresa, akanionyesha mshale ulioshuka karibu na sifuri, kisha akakoroga sabuni ya unga kwenye kikombe, akachovya brashi na kupaka povu kwenye kila kiungo cha bomba la shaba. Nyuma kabisa, mahali ambapo bomba lilikuwa likisuguana na bati, povu likaanza kuvimba, likapasuka, likavimba tena. "Gesi inatokea hapa," akasema, na akaniachia geji mkononi huku akieleza kwa nini gesi ikipungua ubaridi nao hupungua, kwa nini bomba moja la kompresa huwa la moto na jingine la baridi. Kwa Kiswahili, na kitu chenyewe kipo mbele yangu, nikaelewa mambo ambayo darasani yalinipita kwa miaka minne. Siku iliyofuata nilikwenda kibandani kwake bila kuitwa.

Miaka ya kujifunza sitaisimulia, kwa kuwa ilikuwa kazi tupu. Leo ninahudumia mafriza ya wauza samaki, maduka ya vinywaji na zahanati kadhaa, nimeajiri vijana, na wateja wananiita Dada Fundi. Jambo ninalojivunia zaidi ni urasimishaji wa ujuzi unaofanywa na VETA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa watu waliojifunza kazi nje ya mfumo rasmi. Wakaguzi walinitazama nikikata bomba, nikilichomelea, nikitoa hewa kwenye mfumo na kujaza gesi, wakaniuliza maswali kwa Kiswahili, nikayajibu yote. Nikapewa cheti chenye jina la kazi ninayoiweza. Kwa mara ya kwanza karatasi rasmi ya nchi yangu ilisema jambo la kweli juu yangu.

Ndiyo maana namwambia mama wa Pongwe: kabla hujalipa, mtazame mwanao. Nenda Deep Sea asubuhi moja, simama pembeni, uone kama anapewa spana au anatumwa maji tu. Muulize mwenye mashine, si jirani, kwamba kijana huyu anajua nini. Kisha muulize kijana mwenyewe. Wazazi wa Tanga tunapenda kusema kwamba tunawajua watoto wetu, ilhali tunachokijua ni daraja walilopata.

Pili, isomeni karatasi ya matokeo kwa makini. Pointi 30 zaweza kuwa D tano na F mbili, D ni ufaulu, na vyuo vingi vya astashahada huanza kwa kuomba ufaulu wa masomo manne. Huenda mlango wa chuo uko wazi tayari na ukoo unachanga fedha za kuubomoa ukuta. Ulizeni FETA, chuo cha uvuvi cha Mbegani kule Bagamoyo, ulizeni VETA hapa hapa Tanga. Ikiwa njia anayoitaka inadai Hisabati au Fizikia, basi arudie masomo hayo kwa sababu anajua yanampeleka wapi, huku akiendelea na mashine zake. Kurudia mtihani kwa ajili ya kuondoa aibu ya ukoo ni kumtwisha mtoto mzigo usio wake.

Tatu, aandike kazi zake kwenye daftari: mashine gani, ilikuwa na tatizo gani, alifanya nini, nani alimsimamia. Apige na picha. Siku akitaka ujuzi wake urasimishwe, hatafika mikono mitupu.

Haya si mawazo mageni katika nchi hii. Mwalimu Nyerere aliandika katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 kwamba shule zisiwe mahali pa kuwaandaa wachache kwa mtihani unaofuata huku walio wengi wakionekana wameshindwa. Tulikuwa na shule za sekondari za ufundi, Tanga Ufundi ikiwa mojawapo, na michepuo ya kilimo, biashara na sayansi kimu. Tukaviacha vingi vififie, tukabaki na pointi.

Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na kazi za mikono, kando ya mkondo wa jumla, na wanafunzi wa kwanza walianza kidato cha kwanza mwaka 2024 katika baadhi ya shule. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini nawasihi walimu na wazazi wasiugeuze kuwa mkondo wa walioshindwa, wakampeleka huko kila mtoto mwenye alama ndogo bila kumuuliza anapenda nini, kwa maana mtoto aliyelazimishwa useremala hana tofauti na aliyelazimishwa Fizikia ya ubaoni. Amali bila karakana, bila vifaa na bila mafundi wa mitaani kukaribishwa kufundisha itakuwa somo jingine la kukariri. Wanafunzi hao watafika kidato cha nne mwaka 2027, na mimi nimeshaiandikia shule moja ya jirani kwamba kibanda changu kiko wazi kwa wale watakaochagua majokofu, wasichana kwa wavulana.