Kabla ya MAGAZIJUTO, mwache mtoto apumue

Juzi mama mmoja wa Ngarenaro kanitumia meseji ndefu. Binti yake yuko darasa la nne, masomo mengine yuko vizuri tu, ila akikutana na hesabu yenye alama mchanganyiko, ile ya kufuata MAGAZIJUTO kujua tendo lipi linatangulia, anaanza kufuta, anafuta weee mpaka karatasi inatoboka, halafu anachana ukurasa na kuangua kilio. Anauliza, "Madam, huyu ana kiburi au? Baba yake anasema dawa yake ni fimbo tu." Nimeshamjibu, lakini nikaona niandike na hapa maana upimaji wa darasa la nne ukikaribia wazazi wengi Arusha wananiuliza hilohilo.

Mama, mwanao hana kiburi. Anaogopa. Najua kwa sababu mtoto wa hivyo nilikuwa mimi.

Nilisoma shule moja ya msingi huko Moshi vijijini, miaka ya tisini mwanzoni. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anakuita ubaoni halafu anasimama nyuma yako anaigongagonga fimbo kwenye dawati, ukikosea unanyoosha mkono. Siku moja akaandika 18 − 2 × (3 + 4). Hizo hesabu nilikuwa nazijua, nyumbani nilikuwa nawafundisha hadi wadogo zangu, ila pale ubaoni nilichokuwa nasikia ni ile fimbo tu. Nikatoa 2 kwenye 18 nikapata 16, nikazidisha kwa 7, nikaandika 112. Darasa zima likacheka. Nilichapwa mpaka nikashindwa kushika chaki na toka siku hiyo nikawa mtoto wa kukaa nyuma. Siku hizi kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne na mwalimu hachapi mpaka apate idhini ya mkuu wa shule, enzi zetu kila mwalimu na fimbo yake. Sitadanganya, bado inaniuma.

Sasa hizi hesabu zina ugumu wake. Wakati unashughulika na mabano, namba zingine zinakusubiri, inabidi uzishikilie kichwani usizisahau. Hofu ndiyo inakula hiyo nafasi. Mwaka 2001 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk, waliwapa wanafunzi wa chuo hesabu za kujumlisha huku wanakumbuka herufi kadhaa, na wenye hofu ya hesabu ndio waliokosea zaidi, hasa zile hesabu za kubeba. Hao ni watu wazima wa chuo jamani, sembuse mtoto wa miaka tisa ambaye baba kasimama mlangoni ameshika mkanda.

Kwenye tuisheni yangu hapa Sakina mtoto akianza kufuta kwa hasira namwambia weka penseli chini. Hesabu tunaiacha kwanza. Anakunywa maji, anavuta pumzi, anaitoa taratibu, akitulia ndio namuuliza, "Umekasirika, umeogopa, au umechoka?" Watoto wetu wengi hawajawahi kuulizwa hilo swali na mtu mzima yeyote, wengine wanakutazama tu. Kuna mmoja alinijibu, "Madam naogopa nikikosea utampigia mama." Basi nikamwahidi sitapiga, na sikupiga. Mtoto akishasema kinachomsumbua unaona kabisa mabega yanashuka, hapo ndio unarudi kwenye daftari.

Na ukirudi usimwambie "fanya haraka tumalize". Mwambie mstari mmoja tendo moja. Ile ya kwangu inakaa hivi:

18 − 2 × (3 + 4)
= 18 − 2 × 7
= 18 − 14
= 4

Kabla hajaandika mstari mpya anapiga mstari chini ya kile anachokwenda kufanya sasa hivi, vingine vyote anavinakili vilevile vilivyo. Hashikilii kitu kichwani, karatasi ndiyo inashika. Mimi naamini kabisa huu mpangilio wenyewe unamtuliza mtoto kuliko maneno yetu ya "usiogope usiogope", kwa sababu sasa anajua cha kufanya ni kimoja tu, tena kidogo.

MAGAZIJUTO wanaikariri wote, Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, wengine wanaiimba kabisa. Shida ni kwamba wanadhani Jumlisha lazima itangulie Toa. Mpe 20 − 8 + 5, atajumlisha 8 na 5 apate 13, atoe, akuletee 7. Jibu ni 17. Kugawanya na kuzidisha zina hadhi sawa, kujumlisha na kutoa zina hadhi sawa, zikikutana unaanza na iliyotangulia kushoto. Mtoto ambaye hajaambiwa hilo anafuata sheria aliyofundishwa, anapigwa kosa, anarudia vilevile, anapigwa kosa tena. Wewe ungekuwa yeye usingechana daftari?

Kingine, mpeleke sokoni. Mwambie tumeenda Kilombero na noti ya shilingi 10,000, tumenunua maparachichi 6 ya shilingi 500 kila moja, chenji ngapi? Ataandika 10,000 − 6 × 500. Akianza kutoa kabla ya kuzidisha atapata 9,994, akizidisha kwa 500 inakuja 4,997,000. Muulize tu kwa upole, huyo mama wa maparachichi ataturudishia karibu milioni tano? Atacheka mwenyewe, ataanza upya mwenyewe, na chenji ya 7,000 ataipata mwenyewe. Kosa limegeuka kicheko na hakuna aliyeumia.

Kuna mzazi alimwondoa mtoto wake kwangu, akasema mbele ya wazazi wenzake kwamba hajalipa hela mtoto aje kubembelezwa. Nilinyamaza lakini liliniingia. Binti niliyekuwa naye kipindi hicho, aliyekuwa analia kila akiona mabano, darasa la saba kapata A ya Hisabati, na sasa yuko sekondari anawaelekeza wenzake. Mama yake alikuja na mkungu wa ndizi kunishukuru. Kwa hiyo nikisema njia hii inafanya kazi nasema kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Na ninyi wazazi jiangalieni. Mwaka 2015 Erin Maloney na wenzake walitoa utafiti wao wa Marekani kuhusu watoto wa darasa la kwanza na la pili, wakaona wazazi wanaoogopa hesabu wakiwasaidia watoto homuweki mara kwa mara, watoto hao wanajifunza hesabu kidogo zaidi mwaka huo na hofu yenyewe inawaingia. Umerudi kazini umechoka, presha ya kodi, unafungua daftari unaanza kufoka, "hata hii huijui?" Bora usiliguse siku hiyo. Kula kwanza, kaa kwanza, nawe pumua. Fimbo haijawahi kufungua mabano ya mtu. Tunalea watoto wa kesho kwa hasira za jana, halafu tunashangaa wanaichukia Hisabati!

Mama wa Ngarenaro, leo jioni mpe hizi tatu tu, akishakula, TV imezimwa: 6 + 4 × 5, halafu 30 ÷ (2 + 3) × 2, halafu 15 − 9 + 4. Majibu ni 26, 12 na 10. Akikuletea 2 kwenye ile ya mwisho usimwekee kosa, mwambie aanzie kushoto, mkae naye mpaka aandike mstari wa pili.