Jiko la plate moja: mlenda, tambi, maharage na zege

Kuna ujumbe umeingia kutoka kwa msomaji anayesoma chuo hapa Dodoma. Kapanga chumba Ng'ong'ona, ana mtungi wa kilo 6 na jiko la plate moja, anataka nimpangie vyakula vya haraka kuanzia kizuri hadi kibaya: tambi za paketi, soseji, chipsi mayai, maharage. Mwishoni akachomekea kwamba mlenda nisimwekee, hicho ni chakula cha shida. Haya mdogo wangu, umeuliza mwenyewe, tulia ujibiwe.

Mlenda mkavu ndio namba moja, upende usipende. Majani yamechumwa wakati wa mvua, yameanikwa, yametwangwa. Wewe umebakiza kuchemsha maji tu. Kwa watu wawili weka vikombe 3 vya maji kwenye sufuria kubwa kuliko unavyodhani inahitajika, katia nyanya 2, acha ziive hadi uzibonde kwa mwiko. Magadi usiyatupie humo yakiwa mabonge: yaloweke pembeni kwenye maji kidogo, mchanga utuame, umimine yale maji ya juu tu. Robo kijiko cha chai inatosha. Yakikutana na nyanya yatatoa povu, na hapo ndipo wenye sufuria ndogo wanapozima jiko kwa mafuriko. Ukizidisha, mboga inakuwa na ladha ya sabuni na vitamini za majani zinapungua bure.

Kisha mlenda wenyewe, vijiko 4 vya chakula. Uchekeche kwanza, maana ulianikwa nje na mchanga haukosi. Nyunyiza kidogo kidogo huku mkono mwingine ukipekecha kwa upekecho. Ukimwaga wote kwa mkupuo utapata mabonge ambayo ndani ni unga mkavu. Usifunike. Dakika 8 kwa moto mdogo, weka vijiko 3 vya karanga za kusaga na chumvi, koroga dakika 5 nyingine bila kuondoka kwa sababu karanga hushika chini haraka. Tayari. Maji yakishachemka, yote hayo ni kama robo saa ya gesi.

Kuhusu hizo karanga, usinunue zilizokwisha kusagwa. Nunua punje, zimwage kwenye sinia, toa zote zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, ndipo utwange. Mwaka 2016 watu walifariki hapa Dodoma na kule Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa. Kwenye unga wa karanga huwezi kuona punje mbovu ilikuwa ipi. Mahindi ya dona ni hivyohivyo: chambua kabla ya kupeleka mashineni.

Unga wa ugali nao una mambo yake. Sembe inakaa muda mrefu kwa sababu kiini chenye mafuta kimeondolewa. Dona inakaa wiki chache tu. Uwele ndio mbaya zaidi: una mafuta mengi, ukishasagwa hauchelewi kutoa harufu ya kuchacha na ugali unakuwa mchungu. Saga kilo moja moja. Anayesema ugali wa uwele ni mchungu, mara nyingi kala unga uliolala sana dukani. Wakati wa kusonga, anza na uji mwepesi, uache utokote dakika 5 nzima ndipo uongeze unga.

Tambi za paketi: zinaliwa, tusidanganyane. Tatizo ni ule unga wa viungo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na pakiti moja inaweza kufikia nusu ya kiasi hicho. Tumia nusu ya viungo, pasulia yai, tupia mchicha dakika ya mwisho. Bila hivyo saa mbili baadaye una njaa tena, na utafungua ya pili.

Soseji, mara moja moja. Huna friji? Nunua za kula leo, basi.

Maharage ndiyo yanayomaliza mtungi. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo maharage yanachukua muda mrefu kuliko Dar. Juu ya hapo kuna maji ya kisima yenye chumvichumvi, ambayo nayo yanachelewesha kuiva. Dawa yake: loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, na nyanya au ndimu zisiguse sufuria hadi punje ibonyee kwa vidole, kwa sababu uchachu unakaza ganda. Kuna wanaotanguliza nyanya, halafu wanalaumu aliyewauzia. Ukiweza, changa na mwenzako mnunue sufuria ya presha. Maharage yaliyolowekwa yanaiva kama nusu saa. Kwa asiye na friji, pika ya siku moja, na kilichobaki kichemshwe hadi kitokote usiku na asubuhi.

Zege, yaani chipsi mayai, la nyumbani linashinda la kibandani kwa kitu kimoja, mafuta. Yale meusi yenye povu yaliyokaanga tangu asubuhi, achana nayo. Alizeti inakamuliwa hapahapa na Singida, hakuna kisingizio. Kata viazi, osha wanga, kausha kwa kitambaa, maana maji ndiyo yanayorusha mafuta na kulegeza chipsi. Kaanga kwa moto wa wastani hadi vilainike, toa, pandisha moto, rudisha dakika 2. Mayai 2 kwa sahani moja ya chipsi, moto mdogo, geuza kwa kufunikia sahani. Moto ukiwa mkali chini kunaungua na juu bado ute.

Sasa hilo la chakula cha shida. Mkifika mjini mnaona haya kula cha kwenu, wakati kuna hoteli zinauza mlenda huohuo kwa wageni na kuuita chakula cha asili. Anayeona haya ale tambi kavu, mfuko ni wake. Lakini asiniambie ameukataa mlenda kwa sababu ya muda.

Soko la Majengo wanauza kwa kikombe. Kabla hujalipa, sugua kidogo kati ya vidole: ukisikia mchanga unakwaruza, sogea meza ya pili.