Ukuta wa Chokaa na Chaki Kumi na Mbili: Kwa Wanaoanza Pasteli

Saa moja asubuhi ukuta wa chokaa ulio mkabala na dirisha langu, hapa Mji wa Kale Mombasa, si mweupe. Kila apitaye kichochoroni atakwambia ni mweupe, na mimi mwenyewe miaka miwili ya mwanzo niliuchora mweupe, na kila picha ilitoka bapa kama tangazo. Sehemu yake iliyo kivulini ni zambarau iliyochujuka. Chini kabisa, pale jua linapopiga mawe ya njia na kurudi juu, pana umanjano hafifu unaokaa kama robo saa kisha unaondoka. Ukuta huo nauchora kila siku, dakika 40, kabla sijagusa kazi nyingine yoyote.

Ukitaka kuanza kuchora kwa pasteli laini, kwanza hakikisha umenunua kitu chenyewe. Maduka mengi ya vifaa vya shule yanauza pasteli za mafuta, na mtu anarudi nyumbani akidhani zote ni moja. Ya mafuta inang'aa na kunata kidoleni kama nta. Pasteli laini ni unga wa rangi uliochanganywa na chaki na gundi kidogo sana. Ukiisugua kidoleni inaacha vumbi kama poda. Gundi ikizidi, inakuwa ngumu na kukwaruza karatasi. Ikipungua, inasagika hata kabla hujaanza. Huo uchache wa gundi ndio unaozipa mng'ao wake, kwa sababu rangi inakaa juu ya karatasi karibu utupu, haikufunikwa na mafuta wala plastiki. Chaki ya ubaoni haiwezi kazi hii.

Sasa nije kwenye jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Anayepaka rangi za mafuta ana paleti, yaani kibao cha kuchanganyia rangi. Akikosa rangi anaichanganya pembeni, anaitazama, anaiongeza nyeupe, ndipo anaipeleka kwenye picha. Sisi hatuna pembeni. Rangi zetu zinakutana juu ya karatasi yenyewe, na karatasi ina meno, yaani vile vijimwinuko vidogo vinavyoshika unga. Meno yakishajaa, chaki inateleza tu na kuvuruga kilichopo. Kwa hiyo kila mara unaponyoosha mkono kwenye boksi, uamuzi uwe umeshafanyika: kipande hiki, si kile cha jirani yake. Mazoezi ya kila siku ya pasteli ni mazoezi ya kuchagua. Mkono utafuata wenyewe.

Mimi naanza hivi. Nakunja macho mpaka ukuta, kichochoro na dirisha la jirani vigeuke madoa tu. Natafuta doa lenye giza kuliko yote na lenye mwanga kuliko yote. Kisha kwa kipande cha mkaa nachora kijipicha kama ukubwa wa kiberiti, chenye ngazi tatu tu: giza, katikati, mwanga. Hapo ndipo nachagua chaki 12, naziweka kwenye sahani ya bati, na boksi nalifunga. Lifunge kweli. Likibaki wazi utaendelea kutafuta ile zambarau kamili ambayo haipo, na dakika 40 zitaishia humo. Siku moja sikuwa na zambarau kabisa kwenye sahani, nikatumia kijani cha kijivu chenye giza lilelile. Ukuta ulisimama, na picha hiyo bado ninayo. Giza na mwanga vikikaa mahali pake, macho ya mtazamaji yanasamehe rangi nyingi sana. Vikikosea, hata rangi ya bei gani haitakuokoa.

Karatasi iwe ndogo. Nakata A4 katikati, inatosha. Wanafunzi wengi wanaanza na karatasi kubwa, wanajaza kona moja kwa wiki nzima, halafu wanaacha. Tena isiwe nyeupe. Chukua ya kijivu au kaki, kwa sababu kila upenyo utakaouacha, weupe utachungulia na kukuharibia hesabu ya mwanga. Karatasi ya pasteli iitwayo Canson Mi-Teintes ina pande mbili, mmoja una vishimo kama sega la nyuki na mwingine umetulia zaidi. Mimi natumia uliotulia. Ukikosa pesa, msasa laini wa seremala, namba 400 hivi, unashika unga vizuri ajabu. Ila ni wa mazoezi tu, kwa kuwa haukutengenezwa udumu kama karatasi ya sanaa, basi usimuuzie mtu kazi iliyochorwa juu yake.

Chaki nzima ivunje. Najua inauma, imekugharimu. Lakini kipande cha sentimita tatu ukikilaza ubavu kinafunika ukuta kwa mipako mitano, na ukingo wake unachora mstari mwembamba wa dirisha. Anza na giza na zile ngumu kidogo, kwa mkono mwepesi, umalizie na zilizo laini kabisa kwenye mwanga. Na vidole viondoe kwenye picha. Chembe za unga zikisimama juu ya meno ya karatasi zinashika mwanga kila moja kivyake. Ukizisugua unazilaza, na kinachobaki ni tope. Mimi najiruhusu kidole mara moja tu, kwenye tabaka la kwanza.

Ninaposema chora kitu kilekile kila siku, wengi wananitazama kwa huruma. Chardin, Mfaransa aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchora kwa mafuta masufuria ya shaba, matunda na vyombo vya jikoni, alihamia kwenye pasteli uzeeni baada ya macho yake kudhoofika. Picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1771, amevaa miwani na kilemba cha kitambaa, iko Louvre, jumba la makumbusho la Paris. Alikuwa amepita miaka 70, na kitu alichokuwa nacho mbele yake kila siku kilikuwa uso wake.

Pwani ina masharti yake. Zima pangaboi, hata wakati wa kaskazi. Feni inapeperusha unga mpaka kwenye mapafu yako, na baadhi ya rangi zina madini kama kadimi ambayo si ya kuvutwa. Kwa sababu hiyohiyo usipulize picha kwa mdomo. Simamisha ubao wima ili vumbi lianguke chini, kisha ugonge mgongo wake nje ya mlango. Meza na sakafu futa kwa kitambaa kibichi, usifagie. Funga leso kwenye paji la uso; tone moja la jasho linaacha doa lisilofutika. Chaki zikichafuana, ziweke kwenye kopo lenye mchele mkavu, tikisa taratibu, zitatoka safi. Mchele huo tupa, usiwape kuku. Masika yakikaribia, ondoa karatasi kwenye ukuta wa mawe, maana zitaota ukungu.

Ile dawa ya kupuliza ya kushikiza unga, ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Mimi niliwahi kuinyunyiza kwenye kazi ya wiki mbili usiku wa kuamkia maonyesho. Asubuhi mianga yote ilikuwa imezama, mawingu yamekuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Na fundi wa fremu mwelekeze kwa maneno wazi, tena ukiwa umesimama hapo: kioo kisiguse picha. Kuna fundi aliyekilaza kioo moja kwa moja juu ya unga, na mteja wangu alipokuja kulalamika nusu ya bahari ilikuwa imehamia kwenye kioo. Kadibodi nene iliyokatwa dirisha katikati inatosha kuviweka mbalimbali.

Saa ikilia dakika ya 40, acha, hata kama kona moja iko wazi. Andika tarehe na saa nyuma ya karatasi, funika kwa karatasi laini isiyonata, weka kwenye sanduku. Iliyoharibika pia iweke.

Mwaka jana nilizitandaza sakafuni, kuanzia Januari hadi Juni. Januari jua linachomoza kusini kidogo ya mashariki, na dirisha la jirani liko gizani kabisa, limechorwa kwa chaki moja ya buluu iliyokolea. Karatasi hadi karatasi jua linasogea kaskazini, kivuli cha paa kinateremka, na kufikia Juni fremu ya dirisha hilo ina mstari wa chungwa, mwembamba kama uzi. Nilikuwa nimeuchora mara nyingi, na sikuwa nimewahi kuuona.